Ukurasa wa Kumi na Saba

Siku tisa Kulusum alimlisha Daktari Dramadri sumu, na siku zote tisa daktari alilamba vidole akaomba aongezewe.

"Mama Kulusum, ugali huu unga wake umetoka wapi? Kampala hatuna kitu kama hiki."

"Unga tu, Daktari," Kulusum alijibu, akampakulia tena.

Alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya serikali pale Arua, na wakubwa alikwisha kuwapikia wengi. Lakini huyu alikuwa mtihani. Daktari wa vitabu, si wa sindano. Mwana wa Mvara, hapo hapo Arua, aliyesoma mpaka akavuka bahari, sasa amerudi na karatasi ya kurasa hamsini na mbili juu ya muhogo mchungu. Karatasi ilisema muhogo ule ni sumu. Basi serikali, ambayo mwaka ule wa 1976 haikuwa na sukari wala sabuni wala chumvi ya kuwapa watu, ikafurahi kupata kitu cha kuwanyang'anya. Ikaandikwa amri: Jumatatu askari waingie Koboko, Midia mpaka Dranya, wang'oe muhogo mchungu wote.

Dranya ndiko alikokaa mama yake Kulusum, bibi Hawah, na wajukuu saba. Shamba lao lote lilikuwa muhogo huo huo. Ule mtamu haukai: nyani wanakula, wezi wanakula, mwenye shamba anabaki na maganda. Mchungu unajilinda wenyewe. Ukiung'oa, nyumba ile inakufa njaa, na hakuna jirani wa kuisaidia, maana na yeye wake umeng'olewa.

Na sumu? Ala! Nani asiyejua ina sumu? Ndiyo maana wanawake wanaumenya, wanauvundika chini ya majani mpaka uote ukungu, wanaukwangua, wanauanika, wanautwanga. Sumu imekwenda zake. Daktari alikuwa ameupima mbichi, ndani ya chupa, na katika kurasa zote hamsini na mbili hakumuuliza mwanamke hata mmoja swali moja. Kusoma ni kuzuri, wallahi, lakini wako watu huenda shule wakaiacha akili nyumbani ilinde mlango.

Kulusum hakubishana naye. Nani angemsikiliza mpishi? Aliagiza unga kwa mama yake, akapika, akanyamaza.

Amri ilitangazwa redioni Ijumaa. Jumamosi ndipo Kamati ya Chakula ikakutana kuijadili.

Kapteni Saturnino, mwenyekiti, alikaa mbele, bastola yake juu ya meza ikizuia makaratasi yasipeperuke. Daktari alisimama akasoma ukurasa wa kumi na saba kwa sauti ya mahubiri: mtu mzima akila ugali wa muhogo mchungu siku tatu mfululizo, siku ya nne hayupo duniani. Wajumbe wakapiga makofi. Wangepiga makofi hata kama angesoma bei ya mkaa.

Kulusum alikuwa anagawa chai. Akaweka birika chini. Aliwakumbuka wale watoto saba, akafungua mdomo.

"Samahani, afande. Mimi iko na neno."

"Sema, mama."

"Huyu Daktari nakula hii muhogo siku tisa. Unga natoka Dranya, kwa mama yangu. Kila siku mimi napika, yeye nakula, nasema ongeza. Na mutazame: iko mzima. Hata kitambi naongezeka."

Kapteni akaangua kicheko, na wajumbe, walipoona kucheka kunaruhusiwa, wakacheka mpaka viti vikalia. Daktari alijishika tumbo, akalipapasa, uso umemshuka. Alhamdulillahi, Kulusum alisema moyoni, leo mama yangu atalala. Furaha ilimjaa hata akasahau kuokota birika.

Kapteni akafuta machozi kwa kiganja.

"Lakini hii amri, redio nasema jana," alisema polepole. "Redio ya serikali iko na uongo?"

Wajumbe wote wakaitazama bastola.

"Basi iko mambo mbili. Karatasi iko uongo, ama Daktari nakwisha kufa. Hakuna ingine. Daktari, wewe mutu ya kusoma. Sema."

Daktari akaitazama karatasi yake. Miaka sita aliihangaikia. Wazungu waliisifu, jina lake lilikuwa juu ya jalada kwa herufi kubwa, na uprofesa ulikuwa unamngoja mwezi ujao. Akamtazama Kulusum. Kulusum akamwitikia kwa kichwa, taratibu, kama anavyofanya mama mtoto anaposahau aya. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: nimekosea. Wako watu wanalisema kila siku na hawafi.

Daktari akakohoa, akaweka tai yake sawa.

"Afande," alisema, "utafiti wangu hauna kosa."

Jumatatu muhogo wa Dranya uling'olewa wote. Ijumaa Kulusum alipandishwa kizimbani kwa kosa la kumuua Daktari Dramadri, na shahidi wa kwanza kuapishwa alikuwa marehemu mwenyewe.