Ukuta Wenye Kiu

Siku hizo zege lilikuwa haliachi kukomaa. Kadiri lilivyonyweshwa maji ndivyo lilivyozidi ugumu, na kila nyumba ilinywesha kuta zake asubuhi na jioni, kama ng'ombe. Ukame ulipobana, Mwanaidi aliyaondoa ukutani magunia yaliyoloweshwa ya kuunyweshea, na maji yaliyobaki akayaweka mtungini kwa ajili ya uji wa mwanawe, Shani.

"Ukuta huu umeshakomaa, Baba Shani. Utavumilia."

Mumewe aliugonga, ukalia kama chuma. "Zege halijui kuvumilia, Mama Shani."

Alfajiri walikuta mtungi umekauka kau. Mwanaidi alikimbilia kitanda cha mtoto. Shani alikuwa amelala, midomo imepasuka, shavu limegandana na ukuta. Mwanaidi akaupapasa ukuta. Ulikuwa umelowa, tena wa vuguvugu.