Nywele za Sikukuu

Mke wa Zablon alifariki mwezi wa Agosti, na Zablon alishatangaza kwamba nyumbani kwake mwaka huu hakuna Krismasi. Asubuhi ya sikukuu binti yake wa miaka minane, Eliwaza, akamletea kitana na mafuta, akaketi sakafuni mbele ya magoti yake.

"Jirani amesema atakusuka," Zablon akamwambia.

"Nataka unisuke wewe, baba."

Vidole vya Zablon vilizoea matofali. Mstari wa kwanza ulienda upande, akaufumua, akaanza upya.

"Mama alikuwa anaanzia hapa karibu na sikio," Eliwaza akamwelekeza. "Huku ananisimulia ulivyokwenda kumposa."

Zablon akasogeza kitana karibu na sikio.

"Alikwambia nilivyoteleza kwenye tope nikaangukia mlangoni kwa babu yako?"

"Hakuniambia!" Mtoto akataka kugeuka.

"Tulia, nitakuvuta."

Kengele ya kanisa ikalia mara ya pili. Nusu ya kichwa ilikuwa bado haijasukwa. Zablon akajifuta macho kwa mkono wa shati, akashika fungu jingine la nywele.

"Siku hiyo," akaanza, "mvua ilinyesha tangu alfajiri."