Msikilizaji wa Makosa

Mkewe alikuwa akicheka na mtu chumbani, na nyumba ile haikuwa na mtu mwingine.

Fundi cherehani alisimama koridoni, kipande cha mkono wa shati la mteja kikining'inia begani. Alikuwa ameingia ndani mara moja tu kufuata uzi mweusi, maana kibanda chake cha kushonea kilikuwa hapo hapo mbele ya nyumba. Watoto walikuwa shule. Mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa umerudishwa.

"Wewe unanisikiliza vizuri," mkewe alikuwa akisema, kwa sauti ile ya chini, ya siku za uchumba. "Haya, twende polepole. Mgonjwa anajaza jina lake. Anabonyeza. Halafu?"

Kimya.

"Halafu ukurasa unakufa. Sasa, kwa nini?"

Fundi alirudi kibandani, na suruali ya watu akaishona mguu nje ndani.

Mkewe naye alikuwa fundi, ila wa vitu visivyoshikika. Alitengeneza programu za tovuti ya hospitali, ile ambayo wagonjwa huombea siku ya kumwona daktari. Programu hizo hazikai kwenye simu ya mgonjwa. Hukaa mbali, kwenye kompyuta kubwa iitwayo seva, na zikijikwaa huko, mgonjwa huku hubaki akitazama ukurasa mweupe. Mwezi ule zilijikwaa kila asubuhi, saa nne, kama zimeagana.

Jioni, mezani, mkewe alianza. "Lile kosa bado linanisumbua. Daftari la seva linasema..."

"Si uzime, uwashe?"

"Nimezima, nikawasha. Inapona, kesho yake inarudi. Nafikiri ni pale ambapo..."

"Basi mashine imechoka. Hebu nipe chumvi."

Mkewe akampa chumvi, asiongeze neno. Na mwanamke akiacha kulalamika nyumbani, fundi aliwaza, ujue amepata pa kulalamikia.

Wivu haungoji kupandwa. Hujiotea wenyewe, kama gugu. Mkewe alipokwenda kuoga, fundi alimpekulia simu. Siku nzima ilikuwa imepigwa mara moja, na aliyepiga ni mama mkwe. Basi huyo mtu hakuwa kwenye simu. Alikuwa mzima mzima, ndani ya nyumba yake. Fundi akabaki na kitendawili kifuani ambacho hakuwa na wa kumtegea: anaingia bila hodi, anasikiliza bila kukohoa, anatoka bila nyayo.

Kesho yake alikwenda hospitali kumtafuta kijana mmoja wa kompyuta, mwenye miwani, ambaye mkewe alizoea kumtaja taja.

"Wewe ndiye unayemsaidia mke wangu na makosa ya seva?"

"Zamani, kaka. Siku hizi haniulizi hata moja." Kijana alifuta miwani kwa ncha ya shati. "Anasema amepata mtu huko huko nyumbani. Akishamweleza kosa mstari kwa mstari, jibu linatoka. Nikamwambia una bahati, dada, usimwachie."

Huko huko nyumbani. Maneno hayo yalimwingia kama sindano chini ya ukucha. Njiani akampigia simu kaka mkubwa wa mkewe.

"Shemeji, kesho njoo na gari. Umchukue dada yako."

"Miaka kumi na minane, shemeji. Kafanya nini?"

"Utajisikilizia mwenyewe."

Saa nne asubuhi walikuwa koridoni, wanaume wawili wenye vitambi, viatu mkononi, wakinyata kama wezi wa kuku.

"Nikikuta hakuna kitu," shemeji alinong'ona, "nitakucheka mpaka uzeeni."

"Uzeeni umeshafika. Nyamaza."

Sauti ya mkewe ilitoka chumbani, safi, haina haraka.

"Mgonjwa akiingia, tunamfungulia njia ya kwenda kwenye kumbukumbu. Sawa. Akimaliza, nani anaifunga ile njia?" Kimya kirefu. "Ngoja. Usiseme kitu." Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeona pete yake ilipodondokea. "Hakuna anayeifunga. Zinabaki wazi zote, zinajaa, wa mia moja akija hana pa kupita. Ndiyo maana ni saa nne, saa ya foleni. Na nikizima nikiwasha zinaachia, tunaanza upya. Ah, wewe. Sijui nikulipe nini."

Shemeji aliangalia vidole vya miguu yake. Ucheshi ulikuwa umemtoka wote.

"Umesikia?" fundi alimuuliza.

"Nimesikia." Shemeji alivuta pumzi. "Ngoja nisogeze gari mlangoni. Usimguse lakini. Nakuomba kama ndugu yangu, usimguse."

Fundi aliweka viatu vyake chini. Miaka kumi na minane alikuwa ameishonea nyumba hii, pindo kwa pindo, na sasa mwanamume mwingine ameketi ndani yake akishukuriwa. Aliusukuma mlango kwa kiganja, taratibu.

Mkewe alikuwa amewapa mgongo, hakuwasikia. Mbele yake, magoti kwa magoti, palikuwa na kiti, na kiti kimevikwa koti la kijivu, lile ambalo fundi alijishonea mwenyewe kwa ajili ya harusi yao. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa. Mkono mmoja wa koti ulilazwa juu ya meza, na mkewe alikuwa ameushika.

"Asante, baba watoto," aliliambia, akilinyoosha kola. "Leo tena hukunikatiza."