Bati Lenye Matundu

Mafundi wa nyumba wa mji ule walifanya kazi kwa ushirika. Kazi ikiisha, mwenye nyumba alitia mkono ndani ya kikapu chenye kifuniko, akaacha alichojaliwa cha kununulia mabati na mbao za ghala lao, na fundi aligeukia ukutani asione.

Mama Hidaya aliwahi kutengenezewa mlango, mwaka aliovuna vizuri. Mkono wake uliingia kikapuni mtupu, ukatoka mtupu. Alijiambia, wenzangu wataweka.

Sasa mawingu ya mvua yalikuwa yametanda, na paa lake lilikuwa limetoboka juu ya kitanda cha mwanawe mwenye pumu. Fundi Chande alifika na bati begani.

"Nipishe nipande, shemeji, mvua isije ikaniwahi."

"Si nasikia ghala lenu halina hata bati moja?"

"Tangu mwezi jana. Watu wanatia mkono tu siku hizi. Tukifunua kikapu tunakuta jasho la viganja!" Fundi akacheka.

Mama Hidaya hakucheka. Alishika bati amsaidie kulipandisha. Lilikuwa na kutu pembeni, na matundu ya misumari yalikuwa yamejipanga tayari.

"Hili umelitoa wapi, Fundi?"

"Wewe shika ngazi, shemeji. Mwanao anakohoa, mimi sikohoi."

Nyundo ilipokuwa ikigonga, matone yalianza. Ng'ambo ya njia, mke wa fundi alitoa godoro, akalisimamisha barazani. Kisha akawa anaingiza sufuria chumbani, moja baada ya nyingine.