Dawa Anayoleta Mama

Ephrasia alipomsikia mkwe wake akitapika nyuma ya jiko asubuhi ya tatu mfululizo, alikamata jogoo akamchinja.

"Kula, mwanangu," alisema jioni, akamsogezea Aurelia firigisi mbele ya wanaume. "Sasa mko wawili."

Aurelia aliitafuna polepole mpaka ikaisha. "Ni dawa, mama," akasema. "Mtoto bado. Dawa ndiyo inatapisha."

Hyasinti, mumewe, akarudisha tonge kwenye sahani. Usiku ule mbwa walikula nyama.

Dawa ilikuwa inaletwa na mama mzazi wa Aurelia, Gertruda, aliyekaa ziwani, Mbamba Bay. Kila mwezi alipanda na magunia ya usipa, dagaa wakavu wa ziwani, kuuza sokoni Mbinga. Akimaliza kuuza anapitia dawa, kisha anakuja kijijini kwa binti yake.

"Niende mwenyewe kwa huyo daktari," Aurelia aliwahi kusema.

"Foleni yake utalala hapo hapo. Mimi ameshanizoea. Wewe lima."

Ilianza mwaka juzi, mtoto wa pili alipofia tumboni kama wa kwanza. Safari ile walimpasua. Aurelia alizinduka siku ya pili, akamkuta mama yake ameshaongea na daktari.

"Amesemaje?"

"Kidonda kitapona. Halafu kuna dawa ya kukusaidia kupata mtoto, nitakuwa nakuletea."

Vidonge vilikuja vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Pakiti ametupa, alisema mama, mawifi wasije wakasoma. Vidonge ishirini na moja vyeupe, saba vya kahawia. Kimoja kila asubuhi, kengele ya kwanza ya kanisani ikilia.

"Hivi vya mwisho ni vya kuongeza damu," alisema Gertruda.

Aurelia alijifunza kuishi navyo. Alikula kiporo cha muhogo kwanza, ndipo akameza, kichefuchefu kikapungua, ingawa hakikuisha. Matiti yalivimba yakauma, hasa akiinama shambani kuchimba ngolo, mashimo ya kulimia mteremkoni, basi akawa anayafunga na kitenge. Kichwa kikigonga alikaa kivulini akahesabu mpaka mia, akarudi kwenye jembe. Madoa meusi yalimtoka mashavuni, hayo hayakuwa na dawa.

"Wifi, leo umejipaka masizi?" mdogo wa Hyasinti alimuuliza, wote wakacheka. Aurelia naye alicheka, maana wenzake walikuwa wanacheka.

Mwaka wa kwanza alikuwa analia hovyo, hata akimenya ndizi. Baadaye kilio nacho kikaisha. Siku moja gari la wanunuzi binafsi wa kahawa, waliokuwa wameanza kuja na mizani yao mpaka kijijini, lilikanyaga mbwa mmoja wa nyumbani. Nyumba nzima ilitoka nje. Yeye aliendelea kuchambua maharage.

Na damu ilikuja. Zamani ilikuwa ikiruka miezi. Siku hizi akifika kwenye vile vya kahawia, siku ya pili au ya tatu anaiona, haikosei.

"Unaona?" mama yake alimwambia. "Mwili unajipanga."

Kahawa ilipoanza kuiva Ephrasia alimwita pembeni. Hakufoka. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Mwanangu, sikuchukii. Lakini Hyasinti ni mmoja tu. Kahawa ikishauzwa na bado hakuna kitu tumboni, wazee wataleta msichana kutoka Mkumbi, na wewe utarudi kwenu ziwani. Padri atasema atakachosema."

"Ndiyo, mama."

"Unasema ndiyo tu?"

"Nimesikia, mama."

Gertruda alipokuja mwezi ule, Aurelia alimsimulia yote wakiwa wanakoka moto. Alisimulia kama habari za jirani. Kisha akasema, "Mama, nimechoka. Niiache mwezi mmoja tu, mwili upumue."

"Hata siku moja usiache!"

Kuku walitawanyika. Gertruda mwenyewe alishtuka kwa sauti yake. Akamshika binti yake bega.

"Vumilia, mwanangu. Ukiruka kidonge kimoja tu, tumeharibu kazi yote."

"Basi mwambie daktari aongeze nguvu. Muda umekwisha. Nampenda Hyasinti, mama."

"Nitamwambia."

Kesho yake Gertruda alishuka Mbinga mjini, akaingia kwenye kiduka kidogo cha dawa karibu na stendi. Mwenye duka, Shamimu, alikuwa anakunywa soda.

"Shikamoo, bibi. Umerudi mapema! Pakiti moja kama kawaida?"

"Marahaba. Leo nipe tatu, zisije zikakatika."

"Tatu!" Shamimu aliweka chupa chini. "Jamani, njooni muone. Wasichana wa mji huu wote nawauzia vidonge vya kuzuia mimba, lakini mteja wangu mwaminifu ni huyu mwenye mvi! Bibi, mzee bado anakusumbua?"

Wanawake wawili kwenye benchi walicheka mpaka wakashikana. Gertruda naye alitabasamu. Mzee alikuwa na miaka tisa kaburini.

Shamimu alizileta pakiti, akamtazama usoni, akapunguza sauti. "Kweli, bibi. Ni vya nani?"

"Vya binti yangu. Daktari aliniambia akishika mimba nyingine, hatatoka mzima."

"Mwenyewe anajua?"

Gertruda alizisukuma pakiti ndani ya kifua cha gauni, akajifunga kanga juu yake.

"Bora waniletee ameachika," alisema, "kuliko waniletee amefunikwa shuka."