Ijumaa ya Kanga

Sogeeni, wajukuu zangu, mnisikie. Kanga alikuwa mwingi wa haraka, na jirani yake Pelele, yule mnyama mdogo wa majabalini, hakupenda kitu ila kuota jua juu ya jiwe lake. Jumatano moja Kanga akaletewa habari kuwa mamake mgonjwa.

"Shoga, yalalie mayai yangu yasipoe. Ijumaa ijayo niko hapa!" Akashika njia.

"Ijumaa si keshokutwa tu," Pelele akajisemea. "Siku mbili zitanishinda nini?" Akayalalia.

Ijumaa ikaja, Kanga hakuonekana. Jumamosi akaja Nguchiro, yule mla mayai, akijilamba.

"Pole, mama. Mwenzio kakutupa. Nenda kaote jua lako, mayai nitayatunza mimi."

"Utayatunza wapi, tumboni?" Pelele akamtolea meno mpaka akaondoka.

Tangu hapo hakuinuka. Alikula majani aliyoyafikia kwa kunyoosha shingo, manyoya ya tumbo yakamnyonyoka, na jiwe lake akawa analitazama kwa mbali.

Ijumaa ya pili Kanga akarudi anaimba, mama kapona. Akakuta vifaranga kumi wamejazana mgongoni kwa Pelele.

"Shoga, mbona umekonda hivyo? Si nilikwambia Ijumaa ijayo?"

"Uliniambia. Ikaja, ikapita."

Hapo Kanga akaelewa kuwa mwenzake alimngoja tangu Ijumaa ile ya kwanza, akaketi chini kwa aibu. "Sasa wewe ukawa unangoja Ijumaa ipi?"

"Ile utakayorudi," akasema Pelele.