Sheria ya Magoti

Enzi za Simba, hakuna mnyama aliyekunywa maji kabla ya kumpigia magoti. Ngiri aliwaongoza wenzake wakamtimua Simba, kisha wakambeba Ngiri juujuu, naye akatoa sheria palepale: "Atakayeonekana amepiga magoti, atoke nchi hii!"

"Na mwenye sababu?" akauliza Digidigi, karani wake.

"Magoti hayana sababu!"

Kesho yake mtoto wa Kondoo alipiga magoti ili anyonye. Ngiri akamfukuza pamoja na mama yake, na wanyama wakashangilia.

Lakini shingo ya Ngiri ni fupi. Tangu azaliwe hajawahi kula majani amesimama. Siku tatu alihutubia kwa njaa. Siku ya nne akajificha kichakani, akakunja miguu ya mbele, akala. Kuinua macho, Digidigi huyo hapo.

"Ndugu Kiongozi, unampigia nani magoti?"

"Nakula tu, ndugu yangu! Nina njaa!"

"Kumbe sababu zipo," akasema Digidigi, akaenda kuwaita wenzake.

Ngiri alipovuka mpaka alimkuta Kondoo akinyonyesha. Akasimama kando, akitazama majani kwa uchu, asithubutu kuyagusa.

"Piga magoti ule, baba," Kondoo akamwambia. "Huku hatufukuzani."